Mzee Banting, makasia na njaa
Wadau, nabeba vyuma mwezi wa tatu huu, misuli ipo ila kitambi kimegoma. Nikamkumbuka William Banting (1796–1878), muandaa mazishi wa London. Unene ulimzidi hata kufunga viatu hawezi. Daktari akamshauri mazoezi, akawa anapiga makasia kila alfajiri. Nguvu akapata, lakini njaa nayo ikapanda, akala, uzito ukaongezeka! Akaacha. Mwaka 1862, akiwa na kilo kama 92, daktari mwingine, William Harvey, akamkataza mkate, sukari, viazi na bia. Mwaka mmoja tu, kilo 21 zikaondoka. Mimi vyuma siachi, vinalinda misuli. Ila zile chipsi mayai za kutoka mazoezini, basi tena. Mnasemaje?