Louis Pasteur: Mtu aliyefichua siri ya hamira

Ukikanda unga wa maandazi jioni, asubuhi unaukuta umeumuka hadi kugusa kifuniko. Ukichanganya maji ya ndizi mbivu na unga wa mtama uliokaangwa, baada ya siku chache unapata urwarwa. Mama zetu walizijua kazi hizi tangu zamani. Aliyetueleza ni nini kinachotenda kazi ndani ya chungu ni Mfaransa Louis Pasteur.

Sisi tuliosomea uhamishoni Tanzania tulimfahamu kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Tangu nirejee nyumbani na kufundisha sayansi, naona wanafunzi wanamwelewa upesi zaidi nikianzia jikoni.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 mjini Dole, mashariki mwa Ufaransa, mtoto wa mtengeneza ngozi. Alisomea kemia, na mwaka 1854 akawa mkuu wa kitivo cha sayansi mjini Lille. Mwaka 1856 mwenye kiwanda cha pombe ya viazisukari alimwendea akilalamika kuwa baadhi ya mapipa yake yanaharibika. Pasteur alichukua matone akayatazama kwa hadubini. Katika pombe nzuri aliona chembe za mviringo za hamira. Katika ile iliyoharibika aliona vijidudu vyembamba kama vijiti, jamii ya vile vinavyotia maziwa ukali.

Wakati ule wakemia wakubwa waliamini kuwa kuchacha ni kuoza tu. Yeye alionyesha kuwa hamira ni kiumbe hai: inakula sukari, inatoa kileo pamoja na ile hewa inayoumua mkate. Katika miaka ya 1860 alionyesha pia kuwa mvinyo ukipashwa moto wa nyuzi 50 hadi 60 hivi, bila kuchemka, hauharibiki upesi. Baadaye wengine waliipeleka njia hiyo kwenye maziwa, na hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Nyumbani kwake hakukukosa kilio. Kati ya watoto wake 5, watatu walifariki wakiwa wadogo. Jeanne, mwaka 1859, na Cécile, mwaka 1866, waliuawa na homa ya matumbo. Mwaka 1868 yeye mwenyewe alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalemaa. Hata hivyo hakuacha kazi, na mwaka 1885 chanjo yake ilitolewa kwa mtoto Joseph Meister aliyeng'atwa na mbwa. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895.

Homa iliyowachukua mabinti wale huletwa na maji na chakula kichafu, na bado iko kwetu. Ndugu mnaovuka mpaka na madumu ya maziwa, na akina mama mnaogandisha mtindi: chemsheni maziwa kwanza, yaacheni yapoe, ndipo mtie chachu. Dumu lisuuzwe kwa maji yaliyochemka. Mkate wa nyumbani na mtindi wa nyumbani ni raha kubwa, mradi anayealikwa mezani ni hamira na wenzake wema peke yao.