Mwalimu Nyerere, Msemaji Aliyeugeuza Mkutano wa Tabora

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Januari 1958, wajumbe wa mkutano mkuu wa TANU walifika Tabora, wengi wao wakiwa wamekwisha kuamua. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Haki yenyewe ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, kipato au cheo. Kwa wajumbe hao, kushiriki uchaguzi wa namna hiyo kulikuwa ni kuubariki ubaguzi. Aliyepaswa kuwabadili mawazo ni rais wa chama chao, Julius Kambarage Nyerere, akiwa na umri wa miaka 35.

Kusema mbele ya watu hakukuanza kwake na siasa. Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora na Makerere, akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria Tabora, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, alikohitimu mwaka 1952. Aliporejea alifundisha Pugu. Mwalimu hawezi kujificha nyuma ya maneno mazito, kwa kuwa mwanafunzi asiyeelewa huonekana usoni papo hapo. Mazoea hayo ya darasani, kwa maoni ya mwandishi huyu, yalimjenga kuliko kipaji.

Machi 1955 alilihutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa jijini New York, na mwaka huohuo akaacha ualimu. Mwaka 1957 serikali ilimpiga marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara kwa miezi kadhaa. Dola yenye polisi na magereza iliona haja ya kumzuia mtu asiye na silaha asipande jukwaani.

Huko Tabora hakuwa na jambo la kufurahisha la kuwaambia wajumbe. Kura tatu zilikuwa dhuluma, na yeye mwenyewe alikuwa mpinzani wake. Hoja aliyoisimamia ilikuwa moja tu: kususia kungekiachia viti chama cha UTP, kilichopendelewa na wakoloni, na uhuru ungechelewa. Hakuwaomba waache hasira yao. Aliwaomba wapime itawafikisha wapi. Mkutano ukakubali kushiriki, na uamuzi huo ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Haukuwa bila gharama, kwani Zuberi Mtemvu alijitenga na kuanzisha chama chake. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, wagombea wa TANU na wale walioungwa mkono nayo waliibuka na ushindi mkubwa. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Mwaka 1963, akiwa tayari Rais, ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Ndani yake mna hotuba ya mazishini inayougeuza umati mzima ndani ya dakika chache. Haishangazi kwamba kazi hiyo ilimvutia.

Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuivamia Kagera, alilieleza taifa jambo hilo kwa nguzo tatu: uwezo, sababu na nia. Maneno matatu ya kawaida, yasiyohitaji kamusi. Aliyeyasikia redioni asubuhi aliweza kumsimulia jirani jioni bila kupoteza kitu, na vijana waliokwenda vitani walijua wanakwenda kwa nini.

Karibu miaka kumi baada ya kung'atuka urais, Machi 1995, alizungumza na waandishi wa habari jijini Dar es Salaam. Hakuwa na madaraka ya kumtisha yeyote. Alilifananisha taifa na nyumba iliyoanza kuonesha nyufa, akazitaja moja baada ya nyingine, zikiwamo rushwa, ukabila na udini. Kila aliyewahi kujenga au kupanga nyumba alielewa ufa ni nini, na neno hilo likaingia katika mazungumzo ya siasa hadi leo.

Alifariki dunia London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Kila Oktoba redio hurejea kanda zake, na wasikilizaji ambao hawakuwa wamezaliwa siku hizo hukaa kimya kumsikiliza.