Mfahamu John Martin, aliyesema vumbi la jangwani hulisha bahari

Ukisikia vumbi la jangwani unawaza kikohozi na macho kuwasha. Kwa John Martin, vumbi hilo lilikuwa chakula.

Mwanasayansi huyu Mmarekani alizaliwa mwaka 1935 huko Old Lyme, jimbo la Connecticut. Ujanani alipata polio, ikamwachia ulemavu wa kutembea maisha yake yote. Haikumzuia kuisomea bahari, mpaka akawa mkuu wa maabara ya Moss Landing, California.

Fumbo lililomsumbua lilikuwa hili: maji yanayozunguka Antaktika na sehemu kubwa za Pasifiki yana naitreti na fosfeti tele, yaani mbolea ipo. Lakini planktoni, ile mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ni michache. Kwa nini?

Martin akasema kinachokosekana ni chuma.

Wengi hawakukubali, maana vipimo vya zamani vilionyesha chuma kipo. Kumbe kingi kilitoka kwenye meli zenyewe: kutu, nyaya na vyombo vya kuchotea maji. Martin na wenzake wakaosha vyombo vyao kwa asidi, wakapima upya. Chuma kikaonekana kidogo mno.

Mwaka 1988 wakachapisha majaribio ya Ghuba ya Alaska. Maji ya chupa yalipoongezwa chuma kidogo tu, planktoni zikastawi. Mwaka 1990 akaenda mbali zaidi: enzi za barafu upepo ulimwaga vumbi jingi baharini, planktoni zikaongezeka na kunyonya hewa ya ukaa, na hilo likachangia dunia kupoa. Mjadala ukawaka. Wapo walioogopa kwamba watu wangepata kisingizio cha kuendelea kuchafua hewa.

Lakini vumbi kutua baharini peke yake haitoshi. Chuma chake kimefungwa ndani ya madini, kingine kikiwa kama kutu. Kutu haiyeyuki kama chumvi. Kwenye vumbi bichi la jangwani, chuma kinachoyeyuka mara nyingi hakifiki hata 1%.

Kinachobadilisha mambo ni safari ya angani. Gesi ya salfa kutoka volkano na makaa ya mawe, pamoja na gesi za naitrojeni kutoka magari na viwanda, hugeuka asidi. Asidi hiyo hujipaka kwenye chembe za vumbi. Kwanza huishia kupambana na chokaa iliyomo, na chokaa ikiisha ndo inakula chuma. Mwanga wa jua nao husaidia kukigeuza chuma kuwa aina inayoyeyuka kirahisi. Ndiyo maana vumbi lililosafiri mbali kwenye hewa ya namna hiyo linaweza kufika na chuma kinachoyeyuka mara kadhaa zaidi ya lile bichi.

Mwaka 1992 watafiti walitangaza kwamba wameikuta aina hiyo ya chuma kwenye vumbi la angani, juu ya bahari iliyo mbali na nchi kavu. Wakaihusisha na salfa.

Maana yake ni nzito. Moshi uleule unaotuumiza mapafu ndo unaosaidia kuyeyusha chakula cha planktoni. Kwa hiyo anayetaka kujua bahari inapata chuma kiasi gani hawezi kuhesabu tani za vumbi tu. Lazima aulize limepita kwenye hewa gani.

Martin alikufa kwa saratani Juni 1993, akiwa na miaka 58. Miezi michache baadaye, wenzake walimwaga takriban kilo 450 za chuma baharini karibu na visiwa vya Galápagos. Ili kisigande haraka, walikichanganya kwanza na maji yenye asidi.

Rangi ya kijani ya planktoni iliongezeka kama mara tatu, ingawa hewa ya ukaa ilipungua kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Kuhusu planktoni kukosa chuma, Martin alikuwa sahihi. Kuhusu kuipoza dunia kwa njia hiyo, ubishi haujaisha mpaka leo.