David Marr, mtafiti aliyetaka kujua namna ubongo unavyotambua kitu, alifariki akiwa na miaka 35

Simu inayotambua uso wa mwenye kuishika na kamera inayosoma namba ya gari zinafanya kazi ambayo David Marr, Mwingereza, alijaribu kuieleza zaidi ya miaka 40 iliyopita. Swali lake lilikuwa hili: mwanga unapoingia ndani ya jicho, ubongo unafanya nini hadi mtu aseme kwamba kilicho mbele yake ni kiti, farasi ao ndoo? Alifariki tarehe 17 Novemba 1980 huko Cambridge, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Kitabu chake kikubwa kilikuwa bado hakijatoka.

Mwanafunzi wa hesabu

Marr alizaliwa tarehe 19 Januari 1945 huko Essex, Uingereza. Alisomea shule ya Rugby, kisha akaingia Trinity College, katika chuo kikuu cha Cambridge, kusoma hesabu. Kisha aligeukia ubongo, na Profesa Giles Brindley ndiye aliyemwongoza katika kazi yake ya udaktari.

Alianza na ubongo mdogo, ile sehemu iliyo nyuma ya kichwa inayosaidia mwili kupanga mienendo yake. Mwaka wa 1969 alichapisha nadharia ya namna sehemu hiyo inavyojifunza. Alisema kwamba miunganiko kati ya chembe za ubongo inabadilika kadiri mtu anavyorudia kitendo, na alionyesha ni miunganiko gani. Miaka iliyofuata watafiti wa Japani, wakiongozwa na Masao Ito, walipima chembe hizo na kukuta kwamba miunganiko inabadilika kweli, ingawa inadhoofika pale ambapo Marr alidhani inapata nguvu.

Aliongeza maandiko mengine mawili, mwaka wa 1970 na 1971, juu ya sehemu zingine za ubongo, moja ikiwa ile inayohusika na kumbukumbu. Kijana wa miaka 26 alikuwa tayari na jina kati ya wanasayansi.

Kuacha njia aliyoizoea

Hata hivyo, Marr mwenyewe hakuridhika. Kujua namna chembe zilivyounganishwa hakukumwambia zinafanya kazi gani. Baadaye alitoa mfano wa ndege: mtu anayechunguza manyoya peke yake hataelewa namna ndege anavyoruka, kwani ni lazima kwanza ajue namna hewa inavyobeba kitu.

Shida hiyo ilionekana wazi katika utafiti wa macho. Tangu mwaka wa 1959, David Hubel na Torsten Wiesel walikuwa wameonyesha kwamba ndani ya ubongo wa paka kuna chembe zinazoitikia mistari iliyoelekea upande fulani. Kazi hiyo iliwapa zawadi ya Nobel mwaka wa 1981. Lakini kutoka mstari hadi kumtambua farasi ni safari ndefu, na hakuna aliyejua hatua zilizo katikati.

Upande wa ordinateri mambo yalikuwa vilevile. Mwaka wa 1966, huko MIT, Marekani, Seymour Papert aliandaa mpango wa kuwapa wanafunzi kazi ya kujenga sehemu kubwa ya mfumo wa kuona katika likizo moja. Likizo iliisha, kazi ikabaki. Watu walianza kuelewa kwamba jambo ambalo mtoto mdogo analifanya bila kufikiri ni gumu sana kwa mashine.

Mwaka wa 1973 Marr alikwenda kwenye laboratwari hiyo ya MIT, iliyowahi kuongozwa na Marvin Minsky na Papert. Alikwenda kama mgeni, akabaki.

Wagonjwa waliomfungua macho

Mwaka huohuo alisikiliza mafundisho ya Elizabeth Warrington, mtafiti Mwingereza aliyechunguza watu walioumia ubongo. Wagonjwa walioumia upande mmoja waliweza kueleza umbo la kitu, lakini hawakujua jina lake wala kazi yake. Walioumia upande mwingine walitambua vitu vilipoonyeshwa kwa namna ya kawaida, lakini vikigeuzwa walishindwa. Ndoo waliijua wakiitazama kwa ubavu. Wakionyeshwa kutoka juu, walikataa kwamba ni ndoo.

Marr alipata somo kubwa hapo. Kujua umbo la kitu ni kazi moja, kujua maana yake ni kazi ingine. Macho yanaweza kumpa mtu umbo la kitu ambacho hajawahi kukiona.

Akiwa na wenzake, alipanga kazi ya kuona kwa hatua. Kwanza ubongo unatafuta mipaka, yaani mahali mwanga unapobadilika ghafla. Kisha unapima kila sehemu iko umbali gani na imeelekea wapi. Katika hatua hiyo alifanya kazi na Tomaso Poggio, na mwaka wa 1976 walieleza namna picha za macho mawili zinavyoweza kulinganishwa ili kupata umbali. Mwisho, ubongo unajenga umbo lote, lisilotegemea mahali mtazamaji alipo.

Kuhusu hatua ya mwisho, mwaka wa 1978 yeye na Keith Nishihara walipendekeza kwamba maumbo yanaweza kuelezwa kama mitungi iliyounganishwa. Mwili wa mtu ni mtungi mkubwa. Ukiukaribia, unaona mkono. Ukikaribia tena, kuna kiganja, kisha vidole. Kila kitu kina sehemu zake, na mpangilio wa sehemu hizo ndio unaokitambulisha.

Kushindana na muda

Katika majira ya baridi kati ya 1977 na 1978 waganga walimkuta na kansa ya damu. Marr aliamua kuandika kitabu mapema kuliko alivyopanga, akijua kwamba kina mapengo ambayo wengine watayajaza. Aliendelea kufundisha na kutafiti kati ya matibabu. Mwaka wa 1980 alipewa cheo cha profesa kamili pale MIT, na mwaka huohuo ikatoka kazi yake na Ellen Hildreth juu ya namna ya kutafuta mipaka ndani ya picha. Mwezi wa Novemba alifariki.

Kitabu hicho, Vision, kilitoka mwaka wa 1982. Mke wake, Lucia Vaina, ambaye naye ni mtafiti wa ubongo, alikusanya baadaye maandiko yake mengine.

Kilichobaki

Si mawazo yake yote yaliyodumu. Watafiti wengi waliomfuata walikuta kwamba watu hutambua vitu haraka zaidi kutoka pande walizozoea kuvitazama, jambo lisilolingana vizuri na mitungi yake. Mwaka wa 2012 programu ya ordinateri iliyojifunza kwa kuonyeshwa picha zaidi ya milioni moja ilishinda zingine zote kwa mbali, bila mtu kuipangia hatua moja kwa moja.

Kilichodumu ni namna yake ya kuuliza. Mbele ya mfumo wowote, ubongo ao mashine, Marr alitaka maswali matatu yajibiwe: unatatua tatizo gani na kwa nini, unapitia hatua gani, na hatua hizo zinatendeka ndani ya kitu gani. Wanafunzi wa ubongo wanafundishwa maswali hayo hadi leo. Na tangu mwaka wa 1987, mkutano mkubwa wa dunia wa watafiti wa kuona kwa mashine unatoa kwa kazi bora zawadi yenye jina lake.