Robert Mushet na Reli ya Derby

Mimi ni mwenyeji wa Kigobe, hapa Bujumbura, na tangu utoto wangu sijasikia mlio wa treni mtaani kwetu. Lakini baba yangu ni mchukuzi bandarini, na mengi ya magunia anayoyapakua melini yamepita kwanza juu ya reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo napenda kuwasimulia habari za mtu aliyezifanya reli zidumu.

Robert Mushet alizaliwa mwaka 1811 huko Coleford, Uingereza. Baba yake alikuwa bingwa wa kuyeyusha chuma, na mwana akafuata kazi hiyo. Siku zile reli zilikuwa za chuma laini, na magurudumu mazito yalizisaga zikalika upesi. Katika stesheni ya Derby, palipopita treni nyingi mno, iliwapasa kuzibadili kila baada ya miezi sita.

Mwaka 1856 Henry Bessemer alitangaza njia ya kutengeneza feleji, yaani chuma kigumu, kwa kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Njia hiyo ilikuwa ya haraka, lakini mara nyingi feleji yake ilipasuka ilipofuliwa. Mushet akapata dawa yake: hewa ikisha kuunguza kaboni, hutiwa chuma kidogo chenye manganizi na kaboni. Manganizi huondoa madhara ya hewa na salfa. Kaboni huipa feleji ugumu usiolika upesi.

Mwaka 1857 reli moja ya feleji hiyo iliwekwa Derby, mahali pale pale palipozishinda nyingine. Ilidumu miaka 16, ikaondolewa mwaka 1873.

Je, Mushet alitajirika? La! Mwaka 1859 ada ya kulinda haki ya uvumbuzi wake haikulipwa, na kila mtu akaweza kuutumia bure. Mwaka 1866 binti yake Mary, mwenye umri wa miaka 16, alisafiri peke yake mpaka London kumkabili Bessemer kwa ajili ya baba yake. Ndipo Bessemer akaanza kumpa Mushet pauni 300 kila mwaka. Mushet alifariki mwaka 1891.

Nilipomsimulia baba habari hizi, aliniuliza jina la yule binti, akalirudia mara mbili. Kazi njema hudumu hata mwenyewe akisahauliwa. Lakini si haki asahauliwe. Ndiyo sababu nimeandika.