MAISHA YA DOKTA ALBERT COOK, MUNGANGA WA MENGO

Katika toleo hili tunawaletea maisha ya munganga mmoja aliyefanya kazi kwa jirani zetu wa Uganda karibu miaka arobaini. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanatufundisha jambo moja: ugonjwa usiopewa jina lake la kweli hauwezi kutunzwa vizuri.

Albert Ruskin Cook alizaliwa London, Uingereza, mwaka wa 1870. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza uganga katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka wa 1896 alitumwa Afrika na misioni ya Church Missionary Society. Siku zile reli ilikuwa haijafika bara. Yeye na wenzake walitoka Mombasa kwa miguu, wakafika Mengo mwezi wa pili wa 1897. Katika safari ile alikuwamo muuguzi Katharine Timpson, ambaye Cook alimwoa mwaka wa 1900. Jack, ndugu yake Cook, naye munganga, aliwafuata mwaka wa 1899. Mwaka wa 1902 radi ilipiga hospitali ya Mengo, ikaungua. Hawakukata tamaa, wakaijenga tena.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuelewana na wagonjwa. Cook alijifunza Kiganda, na mwaka wa 1903 alitoa kitabu cha maneno ya uganga kwa lugha ile. Tusimame hapo kidogo. Dalili ni alama ya ugonjwa: kile mgonjwa anachosikia mwilini, ao kile munganga anachoona. Ugonjwa wenyewe ni jambo lingine, na sababu yake ni jambo la tatu. Sisi hapa katika uwanda wa Ruzizi tunasemaka tuna homa, sawa vile homa ingekuwa ndiyo ugonjwa. Kumbe homa ni dalili tu: inaweza kuletwa na malaria, na tifoidi, hata na kidonda chenye usaha. Elimu inayotafuta ugonjwa umeharibu nini ndani ya mwili, na kwa njia gani, inaitwa patolojia.

Mwaka wa 1901 Cook na Jack walipokea wagonjwa wa ajabu. Walikuwa wanasinzia mchana, wanakonda, mwisho wanakufa. Ndugu hawa wawili ndio waliotambua ya kuwa malale imeingia Uganda. Dalili zilijulikana, lakini sababu? Ndani ya damu walikuta vijidudu kama minyoo midogo sana, na waganga wengine wakadhani vile ndivyo vinavyoua. Haikuwa hivyo. Dokta Castellani, aliyefika Entebbe mwaka wa 1902, alikuta kimelea kingine, tripanosoma, ndani ya maji ya uti wa mgongo. Kimelea ni kiumbe kinachoishi kwa kumnyonya mwenzake. Mwaka wa 1903 ikajulikana na Dokta Bruce ya kuwa inzi tse-tse ndiye anayekibeba. Katika miaka ile malale iliua watu zaidi ya 200.000 kando ya ziwa Victoria.

Hata Cook mwenyewe hakutambua sawasawa siku zote. Yeye na waganga wengine wa wakati wake waliandika ya kuwa Waganda wengi sana wana kaswende, ugonjwa wa zinaa. Wataalamu waliokuja nyuma walieleza ya kuwa wengi kati ya wale pengine walikuwa na buba, ambayo vidonda vyake vinafanana na vya kaswende, lakini inaambukizwa kwa kugusana tu, hata kati ya watoto. Angalieni jina moja linavyoweza kuwatia watu haya bure! Lakini kutoka woga ule lilipatikana jambo jema: Bibi Katharine alisimamia mafundisho ya wakunga, na akina mama wengi walisaidiwa.

Sasa tufike kwa kazi iliyodumu kuliko zote. Kwa kila mgonjwa aliyelazwa, Cook aliandika dalili, alichokikuta mwilini na jina la ugonjwa, na karatasi zile zikatunzwa. Uvimbe ni sehemu ya mwili iliyokua kupita kiasi. Kuna uvimbe usio na hatari, na kuna kansere, ambayo inaingia katika nyama za jirani na kusambaa mbali. Wengine walikuwa wanasema kansere ni ugonjwa mpya kwa Waafrika. Katika miaka ya 1960 waganga wa Kampala walifungua karatasi za Mengo toka 1897, wakaona kansere ilikuwako toka zamani. Hata ule uvimbe wa mataya ya watoto, ambao Dokta Burkitt aliueleza mwaka wa 1958, waliukuta mule.

Cook alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1932. Bibi yake alifariki mwaka wa 1938, naye mwenyewe mwaka wa 1951, kule kule Uganda. Maktaba ya shule ya uganga ya Makerere inaitwa kwa jina lake.

Wenzetu, kati yetu wako watakaokuwa waganga na wauguzi. Basi, tujizoeze toka leo. Ukifika dispanseri, usiseme tu una homa. Eleza imeanza siku gani, inapanda saa ngapi, na nini kingine kinauma. Na wewe utakayeshika kalamu upande ule wa meza, sikiliza mpaka mwisho, andika ulichokiona, na usiwe na haraka ya kutoa jina.