Zheng He: Mateka aliyeifungulia China njia ya Malindi

Shuleni sote tulikaririshwa habari za Vasco da Gama. Mwaka ni 1498, mji ni Malindi, kuna nguzo, swali limeisha. Lakini miaka zaidi ya 80 kabla Mreno huyo hajatia nanga, Malindi ilikuwa tayari imepeleka wajumbe wake China, na kati ya zawadi walizobeba kulikuwa na twiga. Twiga mzima, yu hai. Jamaa ambaye misafara yake ilifungua njia hiyo aliitwa Zheng He, na maisha yake yalianza vibaya sana.

Alizaliwa 1371 katika jimbo la Yunnan, kusini magharibi mwa China, mbali kabisa na bahari. Wakati huo jina lake lilikuwa Ma He. Familia yake ilikuwa ya Kiislamu, na baba na babu yake wote walijulikana kama mahujaji. Yaani katika nyumba hiyo ya milimani, Maka haikuwa hadithi tu, ilikuwa safari.

Mwaka wa 1381 majeshi ya utawala mpya wa Ming yaliingia Yunnan kuwatimua Wamongolia waliokuwa bado wameishikilia. Baba yake akafa katika vita hivyo. Ma He, akiwa na miaka kumi hivi, akakamatwa, akahasiwa, kisha akapelekwa kuwa mtumishi wa Zhu Di, mmoja wa wana wa mfalme.

Vitabu vingi huipita sehemu hii mbio kwa sentensi moja. Tusimame kidogo. Matowashi walipendwa na watawala wa China kwa sababu moja ya kikatili: hawakuwa na watoto wa kuwarithisha wala ukoo wa kuutetea, kwa hiyo wasingeweza kuanzisha utawala wao wenyewe. Mtoto aliibiwa mwili na familia ili mkubwa fulani alale usingizi bila hofu. Na huyu mtoto akamtumikia mtu ambaye jeshi la baba yake ndilo lililomfanya yatima.

Alikua, akawa pande la mtu, akapigana vitani bega kwa bega na bwana wake. Mwaka wa 1402 Zhu Di alimpindua mpwa wake mwenyewe, akakalia kiti cha enzi na kujiita Yongle. Ma He alikuwa upande ulioshinda. Mwaka wa 1404 mfalme akampa jina jipya la ukoo, Zheng, kama tuzo.

Sasa Yongle alikuwa na shida ambayo hata wanasiasa wetu wanaielewa: kiti alikipata kwa nguvu, na kila mtu alijua. Alihitaji dunia imtambue. Basi akaamuru zijengwe meli, nyingi mno, na kumweka Zheng He kuziongoza. Msafara wa kwanza, uliong'oa nanga 1405, ulikuwa na meli 317 na watu zaidi ya 27,000. Linganisha na Christopher Columbus mwaka wa 1492: meli tatu na watu 90 hivi. Historia ya Ming inadai meli kubwa kabisa zilizidi mita 120 kwa urefu, ingawa wataalamu wengi wa meli za mbao wanaona hapo chumvi ilizidi.

Ndani mlikuwa na askari, makarani, waganga na wakalimani. Mmoja wa wakalimani hao, Ma Huan, Mwislamu pia, aliandika kitabu kuhusu nchi walizoziona. Walibeba hariri na kauri. Mpango ulikuwa hivi: mtawala wa nchi ya mbali anatuma zawadi na kukiri kwamba mfalme wa China ndiye mkubwa wa wote, naye anarudishiwa zawadi nono zaidi na kufunguliwa biashara. Hapo kila mtu anaondoka akitabasamu.

Au karibu kila mtu. Siku hizi Zheng He hutajwa sana kama balozi wa amani aliyefika na hariri mkononi. Ni nusu ya ukweli. Kule Palembang, Sumatra, alipambana na genge la maharamia, akamkamata kiongozi wao Chen Zuyi, ambaye aliuawa Nanjing mwaka wa 1407. Huko Ceylon, Sri Lanka ya leo, alipigana na mtawala aliyempinga na kumpeleka China kama mfungwa mwaka wa 1411. Watu 27,000 hawaji kukusalimia tu. Hata asipochomoa upanga, wewe mwenyeji unazihesabu meli na kupiga hesabu zako.

Hata hivyo alijua kuheshimu imani za watu. Huko huko Ceylon, mjini Galle, liliachwa jiwe lenye maandishi kwa lugha tatu. Kichina kinamtukuza Buddha, Kitamil mungu wa Wahindu, na Kiajemi kinamtukuza Mwenyezi Mungu wa Waislamu.

Safari zilifika saba. Zile za kwanza ziliishia India, kisha zikasogea hadi Hormuz, na hatimaye pwani yetu: Mogadishu, Barawa, Malindi. Upepo ulikuwa ule ule wanaoutegemea manahodha wetu, kaskazi wa kuja na kusi wa kurudi.

Na twiga? Mwaka wa 1414 mtawala wa Bengal alimpelekea Yongle twiga, mnyama ambaye bila shaka alitoka Afrika. Mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi wakafika na wa kwao. Kama umewahi kuhamisha kochi moja tu kutoka Umoja hadi Rongai, jaribu kuwaza twiga ndani ya meli ya matanga hadi Nanjing. Lakini ilikuwa zawadi ya akili nyingi. Wachina walikuwa na mnyama wa ngano aitwaye qilin, anayesemekana kutokea pale tu mfalme ni mwadilifu. Wakamtazama twiga wakasema, ndiye huyu! Kwa mtu aliyempokonya mpwa wake ufalme, hakuna cheti kilichozidi hicho. Yongle alitoka hadi langoni pa kasri kumpokea mgeni wa Malindi. Msafara wa tano, wa 1417 hadi 1419, ukawarudisha wajumbe hao nyumbani.

Yongle alifariki 1424, na mrithi wake akasimamisha safari mara moja kwa sababu ya gharama. Zheng He akapewa kazi ya kulinda mji wa Nanjing, mahali pa nchi kavu. Miaka ikapita. Akiwa na takriban miaka 60 aliruhusiwa kutoka mara moja tena. Kabla ya kuondoka, mwaka wa 1431, alisimamisha jiwe huko Changle lililoorodhesha safari zake na kumshukuru mungu wa kike wa mabaharia. Mwana wa mahujaji, lakini baharini hukatai msaada. Wanahistoria wengi wanasema alifariki safarini mwaka wa 1433.

China ikaacha bahari. Inasemekana maafisa waliozipinga safari zile waliharibu kumbukumbu zake ili asije mfalme mwingine akatamani kuzirudia. Vasco da Gama alipofika Malindi, hakukuta meli hata moja ya Kichina.

Mwaka wa 2010, wanaakiolojia wa Kenya na China waliokuwa wakichimba pale Mambrui, kaskazini kidogo mwa Malindi, walitoa mchangani sarafu ya duara yenye tundu la mraba katikati. Juu yake kulikuwa na herufi nne za Kichina, na mbili kati ya hizo zilisomeka Yongle.